INI MOJA, MAADUI WENGI: KWA NINI MLAJI AJUE CHANZO CHA INI KUSINYAA

Matini ya mazungumzo na walaji, Dodoma



Katika lugha ya sheria na ya ofisi zetu, kila mnunuzi huitwa mlaji, hata anunuapo viatu au bati. Leo neno hilo tulichukue kwa maana yake ya asili, kwa kuwa tunazungumza juu ya kile tunachokula, tunachokunywa na tunachomeza kama dawa, na juu ya kiungo kimoja kinachobeba mzigo wa vyote hivyo, yaani ini.

Katika mitaa na vijiji vyetu, mtu akivimba tumbo, macho yakawa ya manjano na miguu ikajaa maji, hukumu hutolewa kabla hajafika zahanati. Wapo watakaosema, “Huyo alikuwa mlevi.” Wapo watakaosema, “Huyo amerogwa.” Hukumu ya kwanza humwaibisha mtu ambaye huenda hajapata kuonja pombe maishani mwake. Hukumu ya pili huipeleka fedha ya familia mahali ambapo haitarudi na haitaponya. Na wakati ndugu wangali wakibishana, hutokea mtu wa tatu mwenye chupa mkononi, akisema anauza dawa ya ini.

Neno langu la leo ni moja. Ini kusinyaa ni jina la hali ambayo ini limefikia, na halimwambii mtu kilicholifikisha hapo. Asiyejua chanzo hawezi kununua tiba sahihi wala kuwakinga waliobaki nyumbani.

Kusinyaa ni nini?

Ini limekaa upande wa kulia wa tumbo, chini ya mbavu. Kwa mtu mzima lina uzito wa takriban kilo moja na nusu. Sehemu kubwa ya tunavyokula na kunywa, ikishafyonzwa na utumbo, hupita kwanza kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini. Hapo sumu huvunjwa, sukari huwekwa akiba, nyongo hutengenezwa, na hutengenezwa pia protini zinazoifanya damu igande tunapojikata.

Ini lina uwezo wa kuota upya likijeruhiwa. Lakini mkulima wa jembe la mkono anajua tofauti ya jeraha la siku moja na jeraha la kila siku. Malengelenge ya leo hupona, ila kiganja kikisuguliwa mwaka mzima huota sugu. Ndivyo ilivyo kwa ini. Likijeruhiwa tena na tena kwa miaka mingi, nyama laini hubadilika kuwa makovu magumu, na kati ya makovu hayo hujitokeza vinundu. Hali hiyo ndiyo madaktari huiita sirosisi, nasi tukaiita ini kusinyaa.

Damu itokayo utumbo sasa hukuta njia nyembamba. Kama maji ya mfereji uliozibwa na mchanga, hutafuta pa kupita. Bandama huvimba, maji hujaa tumboni, na mishipa ya damu ya umio, yaani njia ya chakula, hutanuka hadi huweza kupasuka na mgonjwa akatapika damu. Sumu ambazo ini halikuzivunja hupanda ubongoni, naye akachanganyikiwa au akalala mchana kutwa.

Lakini hatari kubwa zaidi kwa mlaji ni ukimya. Ini lililoanza kusinyaa laweza kuendelea na kazi yake kwa miaka bila dalili yoyote. Kwa hiyo asiyeumwa asidhani kwamba amesalimika.

Watu wanne kwenye benchi moja

Sasa niwape mfano. Tuseme watu wanne wameketi asubuhi kwenye benchi moja la hospitali. Wote wamevimba tumbo, na wote wameambiwa kwamba wana makovu kwenye ini. Wa kwanza ni mwalimu mwenye miaka 38 asiyekunywa pombe kabisa. Wa pili ni fundi mwashi aliyekunywa gongo na bia kwa miaka ishirini. Wa tatu ni mama wa ofisini mwenye kisukari na uzito mkubwa. Wa nne ni mvuvi wa zamani kutoka Ukerewe, aliyehamia Dodoma kufanya biashara. Mpita njia ataona wagonjwa wanne wa ugonjwa mmoja, lakini tabibu ana maradhi manne tofauti mbele yake.

Tuanze na mwalimu. Yeye ana kirusi cha homa ya ini aina ya B. Inawezekana sana kwamba alikipata siku aliyozaliwa, kutoka kwa mama yake, au akiwa mtoto mdogo. Umri wa kuambukizwa ndio unaoamua mengi. Kati ya watoto wachanga kumi wanaoambukizwa, takriban tisa hubaki na kirusi maisha yao yote, ilhali watu wazima wengi wanaoambukizwa hukishinda wenyewe. Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya kirusi hiki mwaka 2002. Waliozaliwa kabla ya hapo, na hao ni wengi wetu humu ukumbini, hawakuipata chanjo hiyo utotoni.

Kirusi hiki huenea kwa damu na majimaji ya mwili: wakati wa kujifungua, kwa kujamiiana, kwa wembe au sindano iliyotumiwa na mwingine, na kwa chale au tohara iliyofanywa kwa kifaa kisichosafishwa ipasavyo. Hakienei kwa kula sahani moja, kushikana mikono wala kukaa pamoja. Tafadhali msimtengee mgonjwa kikombe chake kama mkoma wa hadithi za kale.

Ugonjwa wa mwalimu una sifa mbili za pekee. Kwanza, kirusi cha B chaweza kuleta saratani ya ini hata kabla ini halijasinyaa, jambo ambalo si la kawaida kwa vyanzo vingine. Pili, ipo dawa ya kukituliza. Vidonge kama tenofovia humezwa kila siku kwa muda mrefu, huzuia kirusi kuzaliana, na kwa wagonjwa wengi makovu hupungua miaka inavyopita. Lakini anayeziacha ghafla bila ushauri huweza kukiamsha kirusi kwa ukali. Familia ya mwalimu nayo ina kazi ya kufanya: mke au mume, watoto na ndugu wa tumbo moja wapimwe, na wasio na kirusi wapate chanjo. Kwa mtu mzima chanjo hiyo hutolewa kwa dozi tatu katika muda wa miezi sita.

Ana ndugu wa karibu kwa jina, naye ni kirusi cha aina ya C. Hiki hakina chanjo, lakini leo huponywa kabisa kwa vidonge vya majuma 8 hadi 12 kwa zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100. Angalieni basi jinsi herufi moja kwenye karatasi ya maabara inavyobadilisha safari nzima ya mgonjwa.

Tuje kwa fundi. Ini lake lilianza kwa kujaa mafuta na kutanuka. Baadaye likavimba kwa uchungu, na mwisho likasinyaa. Vinundu vyake kwa kawaida huwa vidogo vidogo kama punje za uwele, tofauti na vile vikubwa vinavyoachwa na virusi. Pombe hailiharibu ini peke yake, kwani hugusa pia kongosho, moyo, ubongo na mishipa ya fahamu ya miguu. Tabibu atavikagua vyote hivyo.

Hapa kuna jambo la kuwaambia wanywaji waziwazi. Kinacholiua ini ni kilevi chenyewe. Ini halijui kama kimetoka katika gongo, komoni, wanzuki, bia yenye risiti au mvinyo wa zabibu zetu za Dodoma. Alama ya ubora kwenye chupa huthibitisha kwamba kinywaji kimetengenezwa kwa viwango, na haina maana kwamba ini limepewa kinga. Gongo huongeza hatari nyingine, kwa kuwa hakuna ajuaye ukali wake, na yaweza kuwa na methanoli, sumu inayopofusha na kuua. Serikali ilipopiga marufuku pombe kali za viroba tarehe 1 Machi 2017, wengi walihesabu hasara ya biashara. Ni vema kuhesabu pia maini ya vijana waliokuwa wakizinunua kwa sarafu za mfukoni.

Tiba ya kwanza ya fundi haiuzwi dukani. Ni kuacha pombe kabisa, na hata aliyekwisha kusinyaa ini huongeza miaka yake kwa kuacha. Ila aliyekunywa sana kila siku asiache peke yake kwa ghafla. Huweza kutetemeka, kuweweseka na hata kupata degedege. Aende kituo cha afya asaidiwe.

Mama wa ofisini naye huulizwa kila siku, “Kumbe unakunywa kwa siri?” Hanywi. Ini lake limejaa mafuta kwa sababu ya kisukari, uzito na maisha ya kukaa. Ugonjwa huu hunyemelea polepole, na mara nyingi hugunduliwa kwa bahati mtu akipimwa jambo lingine. Habari njema ni kwamba, ukigunduliwa mapema, kupunguza uzito kwa asilimia 7 hadi 10, kutembea kila siku na kuidhibiti sukari hupunguza mafuta na hata makovu. Soda na juisi za sukari ziwe za nadra. Hapa tena hakuna chupa ya mtaani inayoweza kufanya kazi ya miguu.

Amebaki mvuvi. Huyu ana kichocho cha tumbo, ambacho watu wa Kanda ya Ziwa wanakifahamu. Mayai ya minyoo hunasa kwenye matawi ya mshipa unaoingiza damu kwenye ini, na makovu huota kando ya mishipa hiyo, huku chembe za ini lenyewe zikiendelea kufanya kazi vizuri. Kwa hiyo mvuvi aweza kutapika damu nyingi na kuwa na bandama kubwa, ilhali vipimo vya utendaji wa ini lake vinaonekana vizuri. Kwa usahihi wa kitabibu hili si ini lililosinyaa, ingawa kwa nje hufanana nalo. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo kwa gharama ndogo, na mishipa ya umio hushughulikiwa mapema isipasuke.

Ndiyo maana tabibu mzuri wa Dodoma, mji ambao sasa una watu kutoka kila kona ya nchi, humwuliza mgonjwa, “Ulikulia wapi?” Msimwone mbeya. Swali hilo ni sehemu ya kipimo.

Vipo vyanzo vingine ambavyo sitavikalia: moyo uliodhoofika unaolirudishia ini damu, maradhi ya kurithi, na kinga ya mwili kulishambulia ini lenyewe. Navitaja ili mjue kwamba orodha ni ndefu kuliko pombe.

Adui aliye ndani ya gunia

Sasa tuondoke kwenye benchi, twende ghalani, kwa maana uwanda wetu wa kati una adui wake mahususi.

Katikati ya mwaka 2016, familia za mikoa ya Dodoma na Manyara zilianza kuugua ugonjwa uliosemwa kwanza kuwa haujulikani. Watu walitapika, wakaumwa tumbo na kulivimba, macho yakageuka manjano. Uchunguzi ulipokamilika, walioorodheshwa kuugua walikuwa 68, na waliofariki walikuwa 20. Watoto walikuwa miongoni mwa walioathirika zaidi. Chanzo kilikuwa mahindi ya nyumbani, yaliyolimwa na familia zenyewe na kuhifadhiwa ndani, ambayo yalikuwa na sumukuvu kwa kiwango kikubwa mno. Jirani zetu wa Kenya walipitia msiba wa namna hiyo mwaka 2004 katika maeneo ya Makueni na Kitui, ambako watu 317 waliugua na 125 wakafariki.

Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na kuvu, hasa kwenye mahindi na karanga. Aina yake iliyo hatari zaidi kwa ini huitwa aflatoksini. Ukame unapoipiga mimea ikiwa shambani, kama ilivyo kawaida kwetu, kuvu hupata mlango. Mazao yakivunwa hayajakauka, yakianikwa juu ya udongo au yakihifadhiwa mahali penye unyevu, mlango huo hufunguka wazi. Sumu hii haina harufu wala ladha ya kuaminika, na kupika hakuiondoi. Ugali uliochemka vizuri waweza kuwa na sumu ileile iliyokuwa kwenye gunia.

Sumukuvu hudhuru kwa njia mbili. Ikiliwa nyingi kwa muda mfupi, huliua ini kwa siku au majuma, kama mwaka 2016. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka, hupanda mbegu ya saratani ya ini, na utafiti uliofanywa Gambia uliihusisha pia na ini kusinyaa. Na hapa ndipo mwalimu wetu anaporudi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba nguvu ya aflatoksini katika kuleta saratani ya ini ni kubwa takriban mara 30 kwa mtu mwenye kirusi cha B kuliko kwa asiye nacho. Maadui wawili wakikutana katika ini moja, madhara yao huzidishana.

Kwa hiyo mwalimu akipewa tenofovia, kisha akarudi nyumbani kula mahindi yaliyooza, tiba yake imevuja.

Ushauri kwa mnunuzi wa nafaka na unga

Viwango vya Afrika Mashariki vinataka mahindi ya chakula yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na jumla ya aflatoksini isizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Huwezi kuipima sumu kwa macho pale sokoni Kibaigwa, lakini unaweza kuipunguza hatari.

Nunua mahindi makavu. Ipo njia rahisi ya kupima: chukua chupa safi ya kioo iliyokauka, tia punje za mahindi na chumvi kavu kiasi, funga, utikise vizuri, kisha uache chupa itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15, na hayafai kuhifadhiwa. Ikianguka chini bila kunata, yamekauka vya kutosha kwa kuanzia.

Chambua. Punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu au zenye ukungu ndizo hubeba sehemu kubwa ya sumu. Kuchambua na kukoboa hupunguza sumu, ijapokuwa hakuimalizi.

Anika juu ya turubai au kichanja, usianike juu ya udongo. Hifadhi juu ya chaga, mbali na ukuta, au katika mifuko isiyopitisha hewa.

Usimhamishie mwingine sumu yako. Mahindi yaliyooza yakipelekwa kwa mpika pombe, sumu hurudi katika kibuyu. Yakipewa kuku na ng'ombe, huwadhuru mifugo, na sumu hupita hadi kwenye maziwa.

Nawasihi hasa akina mama mnaonunua unga wa lishe kwa ajili ya uji wa watoto. Unga huo mara nyingi huchanganya mahindi na karanga, yaani mazao mawili yanayopendwa zaidi na kuvu, kisha ukapewa mtoto ambaye ini lake ni dogo na chakula chake ni hichohicho asubuhi na jioni. Nunua uliofungwa, wenye jina la mtengenezaji, tarehe na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Ukisaga mwenyewe, chambua karanga moja moja, na usiweke nafaka za kila aina kwa kuamini kwamba wingi ni lishe. Wazee wa Ugogo walilelewa kwa uwele na mtama, mazao ambayo kwa kawaida hushambuliwa na sumukuvu kidogo kuliko mahindi. Si aibu kuyarudisha mezani.

Ushauri kwa mnunuzi wa dawa

Mtu akikwambia ana dawa ya “kusafisha ini” inayotibu ini la kila mgonjwa, mkumbuke mwalimu, fundi, mama na mvuvi. Hakuna kidonge kimoja wala mzizi mmoja unaoweza kukituliza kirusi, kumwachisha mtu pombe, kupunguza mafuta na kuua minyoo kwa pamoja. Baadhi ya mitishamba yenyewe hulijeruhi ini, na ini lililokwisha kudhoofika halina akiba ya kulipia kosa hilo.

Muulize muuzaji: Je, dawa hii imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA)? Kama ni tiba asili, je, mganga na dawa yake vimesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala? Viambato vyake vimeandikwa? Dai risiti, tunza kifungashio, na ukipata madhara toa taarifa. Mlaji asiye na risiti huibeba kesi yake kwa mdomo mtupu.

Dawa za kawaida nazo zina mipaka. Parasetamoli ya miligramu 500, mtu mzima mwenye afya asizidishe vidonge vinane kwa saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe sana kikomo chake ni kidogo zaidi, aulize kwanza. Diklofenaki na ibuprofeni ni hatari kwa aliyesinyaa ini, kwani huweza kuharibu figo na kusababisha kuvuja damu. Anayetumia dawa za kifua kikuu akiona macho yana manjano arudi kituoni siku hiyohiyo, asinyamaze wala asijiamulie mwenyewe.

Jambo la chakula. Mgonjwa wa ini asinyimwe maharage, samaki na mayai kwa madai kwamba “protini inachosha ini”. Mwili wake unadhoofika haraka na unakihitaji chakula hicho. Apunguze chumvi ikiwa tumbo lina maji, na ale kidogo kabla ya kulala.

Maswali manne ya kumuuliza tabibu

Ukiambiwa wewe au ndugu yako ana ini lililosinyaa, uliza: Chanzo ni nini, na kimethibitishwa kwa kipimo gani? Je, nimepimwa virusi vya B na C? Je, mishipa ya umio imekaguliwa? Nani nyumbani anapaswa kupimwa au kuchanjwa? Uliza pia tarehe ya kipimo kijacho cha altrasaundi, kwa maana aliyesinyaa ini hushauriwa kupimwa kila miezi sita ili saratani ikitokea ionekane ikiwa ndogo.

Macho ya manjano msiyachanganye na homa ya manjano. Homa ya manjano ni ugonjwa mmoja unaoenezwa na mbu. Manjano ya macho ni dalili, na dalili hiyo ina vyanzo vingi.

Mgonjwa akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, akichanganyikiwa, au akipata homa huku tumbo limejaa maji, msingoje kesho. Mwanzo wa safari ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na huko ndiko rufaa hutoka.

Hitimisho

Ndugu zangu, sikuja kuwaogofya. Mwaka 2016 uliwapokonya baadhi ya jirani zetu watoto waliokuwa na njaa ya kawaida na waliokula chakula cha kawaida cha nyumbani kwao. Hawakuwa walevi, na hakuna aliyewaroga. Ilikuwa ni sumu ndani ya mahindi, nayo ingeweza kupunguzwa kwa turubai, kwa kuchambua na kwa kukausha.

Mtu wa jirani akivimba tumbo, tumpunguzie hukumu tumwongezee nauli ya kwenda hospitali. Akirudi, tumwulize swali moja lenye faida: “Wamekwambia chanzo ni nini?” Akiwa na jibu, anajua tiba yake, na watu wa nyumbani kwake wanajua la kufanya. Akiwa hana, arudi akaulize. Ni haki yake kama mgonjwa, na ni haki yake kama mlaji.